Gitaa Halikufukuzwa

Mtu wa kwanza kunifundisha kwamba maneno yana asili alikuwa mwalimu wa kwaya yetu pale Kolwezi, na tangu hapo nikimsikia mtu anaanza na "asili ya neno hili" huangalia mlango uko wapi. Si kwamba alifundisha vibaya. Alifundisha vizuri mno, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Kazi yake hasa ilikuwa kufundisha Kifaransa shule ya sekondari. Mwembamba, shati jeupe, kifungo cha kooni kimefungwa hata mwezi wa kumi, wakati jua linachoma mabati na vumbi la machimbo ya Mashamba linaingia mpaka kwenye chumvi. Jumamosi mchana, kabla hatujaimba hata noti moja, alitusimamisha mbele ya vyombo vyetu akavitambulisha kimoja kimoja kama mshenga anayetambulisha ukoo wa bwana harusi. Gitaa, alisema, lilianzia kwa Wagiriki. Waarabu wakalichukua, wakampa Mhispania, Mhispania akampa kila mtu, na Mbelgiji akatuletea sisi. Tarumbeta ni Mreno. Piano ni Mwitaliano, na maana yake ni "kwa sauti ndogo", jambo ambalo, alisema akituangalia sisi wanawake, halijafika bado upande wetu. Banjo huenda lilitoka Angola likavuka bahari na watumwa, likarudi kwetu limevaa kofia. Ngoma peke yake haikuwa na safari ya kusimulia. Watu wanaiita ngoma karibu kila unapokwenda, alisema, na hawajawahi kukaa kikao kukubaliana.

Akifika kwenye madimba aliinua kidole. Madimba ni zile mbao zilizopangwa juu ya vibuyu, unazigonga kwa vijiti vyenye vichwa vya mpira, na kila ubao una sauti yake. Pwani wanasema marimba. Neno ni lile lile, alituambia, limebadilisha sauti njiani tu, na liko ng'ambo ya Atlantiki pia, kwa watu wanaodhani wamelizaa wao.

"Neno haina na mwenyewe," alisema. "Mwenye kuliimba njo mwenyewe."

Tulimpigia makofi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikiimba sauti ya pili, na nilidhani nimekutana na mtu mwenye akili.

Madimba yetu aliyatengeneza baba yangu. Babu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, akamleta na mke wake, na baba akazaliwa palepale katika kambi ya wafanyakazi, kama mimi baada yake. Kasai hakuwahi kuikanyaga. Alikuwa fundi wa mashine, mtu wa maneno machache na misumari mingi mfukoni. Mbao alizichonga kwa mulombwa, mti mwekundu mgumu, akazikausha juu ya jiko la mama yake miezi mingi mpaka bibi akalalamika kwamba anapika chini ya jeneza. Mama yangu alikuwa amekwisha kufariki. Bibi ndiye aliyenilea, nasi tulimwita Kaku. Jumapili baba alipiga madimba hayo kanisani akiwa amefumba macho, na watu waliokuwa hawamsalimii sokoni walikuwa wakicheza.

Kisha kazi ikafa. Sijui neno jingine. Mgodi mmoja ulibomoka chini, mashine zikazimwa moja baada ya nyingine, duka la kampuni likabaki na kiberiti na siki. Watu wakiwa na njaa hutaka kujua nani kawalia chakula, na jibu likapatikana upesi ajabu: sisi. Redio ilisema, mikutano ikasema, mwishowe watoto wakasema. Tulikuwa wageni. Tulikuwa tumekalia viti vya wenye nchi. Tuliitwa bilulu, yaani wadudu, na waliotuita hivyo walikuwa majirani ambao Kaku aliwakatia vitovu watoto wao. Sitasema kwamba walidanganywa. Nimechoka kusikia kwamba walidanganywa. Mtu mzima anayekubali kwamba jirani yake ni mdudu hajadanganywa. Amepewa ruhusa tu aliyokuwa akiingoja.

Mwalimu wa kwaya akawa karani wa kamati ya mtaa. Nani mwingine? Alikuwa na mwandiko mzuri. Yeye ndiye aliyeandika orodha ya nyumba, na yeye aliandika orodha ya watu wa kupanda treni ya kutupeleka Kasai, kwa wino wa bluu, majina ya ukoo kwanza, mistari imenyooka. Vijana walikuja na chaki wakatia alama kwenye mlango wetu. Walitupa siku mbili.

Baba alikwenda parokiani kuchukua madimba yake. Nilikwenda naye kwa sababu hubebwa na watu wawili. Tulikuta kamati imekaa katika ukumbi wa kwaya, viti tulivyovifuta vumbi sisi wenyewe kila Jumamosi, na mwalimu akasimama kutoa maelezo. Ninaapa alikuwa na sauti ile ile ya Jumamosi. Madimba, alisema, ni neno la nchi hii ya Lualaba. Wazee wa hapa walikuwa nayo kabla ya treni. Hao wa Kasai walifika mikono mitupu, wakayakuta, wakayaiga, hata jina wakaliiba.

"Kwa asili yake, ile kintu haina yabo," alimaliza. "Ni yetu. Bantu baende. Madimba inabaki."

Wajumbe waliitikia kwa vichwa. Kama angaliwaambia ng'ombe ni ndege wangaliitikia vile vile, mradi amesema "kwa asili yake". Mbao zile zilikauka juu ya moshi wa jiko letu, na aliyezichonga alikuwa amesimama mbele yao na kofia mkononi.

Nyuma yao, ukutani, lilikuwa limeegemezwa gitaa. Mgiriki yule, Mwarabu yule, Mhispania yule, mgeni wa mabara matatu kwa ushahidi wa mwalimu mwenyewe, hakuulizwa alizaliwa wapi wala amekalia kiti cha nani. Jumapili iliyofuata nasikia alipigwa kama kawaida. Nimewaza sana juu ya hilo gitaa. Siku hizi nikisoma kitabu kinachofuatilia neno mpaka kijiji lilikotoka, naona mwandiko wa bluu. Kuna watu wanataka kujua neno lilitoka wapi kwa sababu wanalipenda, nakubali, lakini mimi nimekutana zaidi na wale wengine, wanaouliza ulikotoka wakiwa wameshika kalamu. Yule wetu, nimeambiwa, alihamia mtaa wa Kasulo, ambako baadaye watu walianza kutoboa sakafu za nyumba zao wakitafuta kobalti. Panamfaa. Alipenda sana kuchimba chini ya vitu ambavyo wengine wamekalia.

Baba alivaa kofia, akaaga, tukaondoka. Nilimwonea haya njia nzima.

Stesheni ya Kolwezi ilikuwa imejaa kama shamba la mtu asiyejua kupanda. Familia kwa familia, chini ya maturubai, chini ya milango iliyong'olewa, chini ya mabehewa mabovu. Treni ilikuja ilipotaka, na ikija ilikuwa na mabehewa ya wazi yaliyokuwa yakibeba mawe ya shaba. Watu walipanda juu yake na vyungu vyao na kuku wao, na mvua ikawanyeshea mpaka Kamina na kupita. Behewa lenye paa lilikuwa moja au mawili tu. Kuingia humo kulihitaji karatasi, na karatasi ilitoka kwa kamati, yaani kwa yule mwandiko.

Wiki ya pili Kaku akaanza kuhara. Tulimchemshia maji tulipopata kuni, na kuni hazikupatikana. Wiki ya tatu alikuwa hawezi kuketi bila kushikwa. Tayari tulikuwa tumeona watu wakizikwa nyuma ya ghala la mizigo, na baba alijua, nami nilijua, kwamba juu ya behewa la wazi Kaku asingefika hata Tenke, mwanzoni tu mwa safari. Na akibaki pale stesheni, asingemaliza mwezi. Alihitaji paa na alihitaji kuondoka, basi. Baba alikwenda kuomba karatasi mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa arudi. Mara ya pili aliambiwa arudi. Mara ya tatu hawakumwambia kitu.

Siku ya nne baada ya hapo, asubuhi, mwalimu wa kwaya alikuja mwenyewe. Alivuka reli akiinua suruali kwa vidole viwili, kitambaa puani, akiruka vitambaa walivyoanika watu chini. Alimkuta baba anafunga kamba ya turubai letu.

"Tata, jambo," alisema, kana kwamba anamwamkia baba yake. "Tuko na kamatatizo kadogo."

Tatizo lenyewe nitalieleza, kwa sababu katika taabu zote za mwaka ule ndilo pekee lililonichekesha. Mkubwa mmoja alikuwa anakuja Jumapili kushukuru watu wa mtaa kwa kusafisha nchi yao. Kamati iliamua kumpokea kwa chombo cha asili. Wakayatoa madimba. Wakaona ni machafu. Chini ya kila kibuyu, pale palipotobolewa tundu dogo, wakakuta kitu cheupe kimegandia, utando wa buibui. Aibu iliyoje! Akina mama wa kwaya wakaleta ndoo na sabuni iliyotunzwa kwa ajili ya mgeni, wakasugua vibuyu vyote mpaka vikang'aa, wakayaanika madimba juani siku nzima yakauke.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa na madimba anajua walichofanya. Ule utando ndio sauti. Buibui wa ukutani hufunika mayai yake kwa kiduara cheupe, chembamba, kikavu; unakibandua taratibu na kukibandika juu ya tundu la kibuyu, na ukigonga ubao juu yake, kinatetemeka, ndipo madimba yanapata ule mvumo wa koo la mtu. Bila utando unagonga kuni. Na nta ya nyuki iliyoshika vibuyu iliyeyuka kwenye jua, vikadondoka kama maembe, viwili vikapasuka. Warithi wa madimba, wenye neno lao tangu kabla ya treni! Walikuwa wameosha sauti wakaimwaga pamoja na maji ya sabuni.

"Sasa ile kintu inalia sawa mulango," mwalimu alisema. "Tata, utusaidieko. Wewe njo unaijua."

Nilicheka kwa sauti. Watu wa maturubai ya jirani walikuwa wamesogea kusikiliza, nao wakacheka. Baba hakucheka. Alimaliza fundo la kamba, akalivuta kulijaribu.

"Mama yangu eko mugonjwa," alisema. "Nataka karatasi ya vago ya kufunikwa. Ya muntu moja."

"Tutaona."

"Hapana kuona. Uandike sasa. Utanipatia nikimaliza."

Mwalimu aliandika pale pale, ameegemea goti. Akatuonyesha, akaiweka katika mfuko wa shati.

Alipokwisha kwenda nilimgeukia baba. Nilisema mbele ya watu wote wale, na sikupunguza sauti. Nilimwambia kwamba wametuita wadudu, na yeye anataka kwenda kuwatengenezea muziki wa kusherehekea kutufukuza. "Baba, uko unabalamba mikono," nilimwambia. "Unabalamba mikono na beko banakupiga nayo." Nikamwambia babu angekuwa hai angemtemea mate. Mzee mmoja akasema nina haki. Wengine wakaguna. Kaku alikuwa amelala hatua mbili kutoka hapo, amefunika uso, na sijui kama alisikia.

"Mama," aliniambia baba, maana hivyo ndivyo alivyoniita tangu utoto, "nitafutieko utando."

Nilimtafutia. Sijui kwa nini; labda kwa sababu hasira haijui kukaa bure. Ukuta wa ghala la mizigo, upande wa kivuli, ulikuwa umejaa viduara vya buibui, na nilivibandua kwa kisu kimoja kimoja, nikavilaza ndani ya kitabu cha sala ili visikunjike. Nta aliipata kwa mwanamke mmoja aliyeuza mishumaa. Tukaenda mjini sisi wawili, tukipita nyumba yetu, ambayo tayari ilikuwa na mapazia ya mtu mwingine. Yalikuwa mapazia mabaya.

Alifanya kazi katika ukumbi wa kwaya tangu asubuhi mpaka alasiri. Mwalimu hakuondoka. Alikaa karibu akijipepea, na baada ya kitambo, sitasema uongo, akaanza kufundisha. Alimweleza baba, aliyeinama juu ya vibuyu vyake, kwamba neno kibuyu nalo lina historia ya kupendeza. Baba akamwambia, "Mwalimu, shika hapa." Akamkabidhi kibuyu chenye nta ya moto, akamwonyesha pa kubana kwa vidole, akamwambia asitikisike. Mwalimu akashika. Akahamia cha pili. Mpaka saa nane mwandiko mzuri ulikuwa umeungua ncha zote, na historia ya neno kibuyu ilikuwa imekwisha. Ninakubali nilifurahi. Ilikuwa furaha ndogo, ya kishenzi, na niliihifadhi.

Baba alipoanza kujaribu sauti, nilimnong'oneza ayapotoshe. Ubao mmoja tu. Achonge kidogo chini ya mmoja, mkubwa akija akute unalia kama mbuzi. Alikataa kwa kichwa.

"Batasikia mbele ya sisi kuondoka," alisema. "Karatasi itatoka wapi?"

Akayaweka sawa. Sio sawa ya kupita tu, sawa kabisa, kama ya Pasaka. Akagonga ubao mmoja baada ya mwingine akisikiliza, kisha akapiga kidogo, mstari mmoja wa wimbo wa kutoa sadaka, na akina mama waliokuwa wakifagia ukumbi wakasimama na mifagio yao. Mmoja alianza kulia. Nilimdharau kwa machozi yale. Alikuwa mmoja wa walioosha vibuyu, na alikuwa akilia katika ukumbi ule, na usiku angelala nyumbani kwake, hatua hamsini kutoka hapo.

Mwalimu akatoa karatasi.

Treni ilikuja siku ya Alhamisi. Tulimbeba Kaku juu ya mkeka, baba kichwani, mimi miguuni, tukapenya umati mpaka kwenye behewa lenye paa. Askari alisoma karatasi pande zote mbili, hata upande usioandikwa kitu, akasogea. Ndani mlikuwa na wagonjwa na wazazi wenye vichanga. Mwanamke mmoja wa Mwene-Ditu, mji wa Kasai tuliokuwa tukipelekwa, mwenye mtoto mgongoni, alisema atamwangalia. Kaku alishika mkono wa baba hakutaka kuuachia, na baba akafungua vidole vyake kimoja kimoja. Aliporudi chini nilikuwa nimesimama kando. Nilikuwa na hakika kwamba tumemfunga ndani ya sanduku akafe peke yake, na kwamba baba ameuza heshima yetu kwa bei ya paa la bati. Nilimwambia hivyo pia. Siku zile sikubakiza neno tumboni.

Sisi tuliondoka siku kumi na moja baadaye, juu ya behewa la wazi, na mvua ilitunyeshea njia yote. Mzee yule aliyesema nina haki alikuwa kwenye behewa letu. Alifariki kabla ya Kamina, na watoto wake wakamshusha kwenye kituo nisichokijua jina.

Mwene-Ditu tulishuka tukiwa rangi ya matope. Watu wa huko, ndugu zetu, wenye asili yetu, walitupokea kwa kutuita Wakatanga, na kutuuliza lini tunarudi kwetu. Wacha nisiseme mengi juu yao. Dharau yangu kwao ipo, ila ina foleni ndefu. Tulizunguka kuuliza siku mbili. Siku ya pili mchana mtu akatuelekeza kwenye uwanja wa misheni moja, na pale, chini ya baraza, kwenye kiti cha kukunja, tukamkuta Kaku anamenya mihogo.

Alikuwa amekonda, shingo kama kijiti. Lakini alikuwa ameketi bila kushikwa. Alituona, akaweka kisu chini.

"Munachelewa juu ya nini?" alisema. "Minachoka kula ya bantu."

Kaku aliishi miaka sita baada ya siku ile. Aligombana na kila jirani, akanifundisha kupika upya kila kitu nilichokuwa najua kupika, akawashika watoto wangu wawili wa kwanza walipozaliwa. Miaka sita nilimwona kila asubuhi anatoka nje kutazama anga, na kila asubuhi nilijua paa lile lilitoka wapi na nani alilipata, na maneno niliyomwambia aliyelipata. Baba hakuyataja kamwe. Nilimngoja ayataje, ili nijitetee, maana nilikuwa na hoja nzuri na bado ninazo. Alikufa mwaka mmoja tu baada ya mama yake, bila kuwa na chombo chochote cha muziki ndani ya nyumba. Nimewadharau watu wengi katika maisha yangu na wengi walistahili. Baba hakustahili, na yeye ndiye pekee niliyemwambia usoni.